Fundi Ajibu: Umeme Unaovuja Juu ya Bodi

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Dunga, Kisumu. Nimeunda kipimo cha pH (kiwango cha asidi katika maji) kwa ajili ya vidimbwi vya samaki aina ya ngege vya kikundi chetu. Kinatumia elektrodi ya kioo, opampu moja (chipu ya kukuza ishara ndogo za umeme), na umeme wa volti 5 chanya na volti 5 hasi. Adhuhuri kinasoma vizuri, lakini alfajiri, hasa baada ya mvua, usomaji hushuka hadi 5.8 hata elektrodi ikiwa ndani ya myeyusho sanifu wa pH 7. Nimebadilisha opampu mara mbili bila nafuu. Kosa liko wapi?
Msomaji, Dunga

JIBU: Ndugu msomaji, ulifanya vyema sana kutumia myeyusho sanifu kabla ya kutuandikia. Maji ya kidimbwi yenyewe hubadilika, kwa sababu usiku viumbe na mwani hutoa kaboni dayoksaidi inayoshusha pH, na mchana mwani huitumia gesi hiyo hiyo na pH ikapanda. Anayepima kidimbwini peke yake hawezi kujua kama kilichoshuka ni maji au ni kifaa.

Opampu ulizozing'oa huenda zote mbili ni nzima. Elektrodi hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH katika nyuzi 25, na ukinzani wake ni mkubwa mno kwa kuwa mkondo hupita katika kioo. Tuchukue megaohomu 150. Upungufu wako wa 1.2 ni sawa na milivolti 71, na ukizigawa kwa megaohomu 150 utapata karibu nusu ya nanoampia moja. Ili mkondo mdogo hivyo utoke kwenye njia ya volti 5 na kufika kwenye kiingilio cha opampu, unatosha mvujo wenye ukinzani wa takriban ohomu bilioni 10. Maltimita nyingi za karakana huishia megaohomu 20 au 60, kwa hiyo zitakuonyesha kwamba hapo hapapiti chochote, nawe utaendelea kulaumu chipu.

Mvujo huo hutokana na masalio ya fluksi (dawa ya kusaidia kulehemu), chumvi ya jasho la vidole na vumbi. Vikiwa vikavu havina madhara makubwa, lakini hewa ya ziwani inapojaa unyevu alfajiri, huvuta maji na kuwa utando mwembamba unaopitisha umeme. Ndiyo maana jua likipanda kifaa chako hupona.

Usisafishe kabla ya kuthibitisha. Chomoa elektrodi, kisha unganisha kiingilio na sifuri ya saketi (njia ya volti 0) kwa kipande kifupi cha waya. Usomaji ukikaa kwenye 7 hata alfajiri, opampu na sehemu zote zinazoifuata hazina kosa. Halafu ondoa waya huo na uweke kapasita ya plastiki ya nanofaradi 1 mahali pake. Usomaji ukihama milivolti 100 kwa sekunde 10, mkondo unaovuja ni pikoampia 10. Kwa mvujo wa nusu nanoampia, kapasita itajaa hivyo kwa sehemu ya tano ya sekunde. Mwisho chukua mrija wa soda, pulizia pumzi yako ya joto sehemu moja moja ya bodi, na mahali ambapo usomaji utaruka ndipo penye mvujo. Pulizia pia tundu la kebo ya elektrodi, kwa maana mafundi wengi hulisahau.

Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi, kwani husambaza uchafu badala ya kuuondoa. Tumia alkoholi ya isopropili na mswaki laini, uimwage itiririke na kuondoka na uchafu, urudie kwa alkoholi mpya, usuuze kwa maji yaliyotoneshwa, kisha ukaushe bodi kwa saa kadhaa mahali penye joto la nyuzi 60 hivi. Baada ya hapo ishike kingoni tu. Vanishi ya kukinga unyevu ipakwe baada ya kupima tena na kuridhika, kwa sababu ikipakwa juu ya fluksi huufungia uchafu ndani.

Jambo moja zaidi kuhusu umbo la bodi. Katika opampu nyingi za pini 8 zenye kikuza kimoja, pini ya 3, yaani kiingilio chanya, imepakana na pini ya 4 yenye umeme hasi. Katika bodi utakayochora tena, zungusha kiingilio kwa njia ya shaba isiyofunikwa na rangi ya kijani, pande zote mbili za bodi, na uiunganishe na tokeo la opampu ikiwa imepangwa kufuata kiingilio bila kukuza. Pete hiyo ikiwa na volti sawa na kiingilio, hakuna tofauti ya kusukuma mkondo. Kwa bodi uliyo nayo, inua pini ya 3 juu na uilehemu waya wa elektrodi hewani, pini wala waya visiguse bodi kabisa.

SWALI: Kifaa changu cha kurekodi joto la kitalu kilipaswa kudumu mwaka mmoja kwa betri ndogo ya kidonge ya CR2032, lakini huisha baada ya wiki sita. Je, ni uchafu pia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Sidhani. Betri hiyo hubeba takriban miliampia-saa 220, kwa hiyo kuisha kwa wiki sita ni wastani wa maikroampia 220 hivi. Kwa volti 3 hiyo ni njia ya kama kiloohomu 14, na uchafu wa kawaida haufiki huko isipokuwa bodi imelowa au imeota kutu. Chunguza kwanza kapasita za kauri zilizo karibu na skrubu au kingo, maana hupasuka bodi inapopindwa, halafu kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa, na pini za chipu zilizoachwa bila kuunganishwa. Weka maltimita kwenye maikroampia kati ya betri na bodi wakati kifaa kimelala, kisha ng'oa kimoja kimoja hadi mkondo ushuke.