Amboni Asubuhi, Irente Jioni? Msijaribu

Tanga yetu inaitwa "waja leo waondoka leo". Kwenye habari ya miamba, jina hilo limewaponza wengi, na mimi mwenyeji nimo.

Binamu yangu alifika alfajiri kwa basi la kutoka Dar, ratiba iko kwenye simu: saa tatu mapango ya Amboni, saa nane genge la Irente, usiku arudi zake. Nikamwambia twende, mkoa si mmoja? Mkoa ni mmoja, ndiyo. Ila Amboni iko kilomita nane hivi kaskazini ya mji, kando ya barabara ya Horohoro, na Irente iko Lushoto: ukazunguke Segera, Korogwe, ufike Mombo, ndipo uanze kona za kupanda Usambara kupitia Soni. Si chini ya kilomita 150. Tulifika giza limetanda, na nilichokiona Irente siku hiyo ni taa za malori chini kabisa, kwenye barabara ya Arusha.

Kwa hiyo wapeni siku zao tofauti. Na Amboni msiende na ndala.

Nilikwenda nazo. Nilijiambia pango ni pango, sakafu yake ni jiwe, sasa shida iko wapi? Kumbe jiwe lenyewe ni chokaa, maji yamelipitia tangu enzi na enzi, na ukichanganya na unyevu na kinyesi cha popo, unateleza kama umekanyaga sabuni. Mzee aliyekuwa akitutembeza alinishika mkono mara mbili. Ya tatu akasema, "Mwanangu, hapa mguu utangulie, roho ifuate." Vaa raba yenye meno. Chukua na kurunzi. Tochi ya simu inakula chaji, halafu mkono mmoja ubaki mtupu, maana kuna mahali utapita umeinama na mahali utapita kwa kutambaa. Mwenye kiuno kibovu au anayebanwa pumzi sehemu finyu, aseme mapema.

Mapango yako kumi, ila wageni huzungushwa katika moja, na hilo linatosha. Ndani utaonyeshwa meli, mamba, Bikira Maria, yote ni mawe. Ukiona jiwe tu, usijilaumu, mimi mamba nilimwona safari ya pili. Utasimuliwa pia habari ya Wazungu waliomfuata mbwa wao wasionekane tena, na njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Sikiliza, hadithi ndiyo nusu ya kiingilio. Lakini wapimaji walioingia mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote ni kama mita 900, kwa hiyo Mombasa panda basi.

Nawaomba jambo moja: msiguse yale mawe yanayoning'inia darini. Mvua ikipita ardhini inachukua hewa ya kaboni, inakuwa na ukali kidogo, inayeyusha chokaa. Tone likifika darini linaacha chembe yake, kisha lingine, na lingine, kwa maelfu ya miaka. Mafuta ya kiganja chako yanaharibu mahali ambapo tone linalofuata lilitakiwa kushika. Na ukifika penye mzimu, ukakuta ubani na vitambaa, simu iweke mfukoni. Kuna mtu ameacha shida yake pale.

Irente ni jiwe la namna nyingine kabisa. Si chokaa, ni mwamba mkongwe uliopikwa kwa joto na mgandamizo ardhini, kisha ukainuliwa pamoja na safu nzima ya milima ya Tao la Mashariki. Hauyeyuki kirahisi, ndiyo maana unasimama ukuta mtupu, na tambarare ya Mazinde iko takribani mita 1,000 chini yako, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama mkeka. Lala Lushoto, kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu. Ukungu wa asubuhi unaweza kukunyima kila kitu, basi mimi naenda alasiri, jua likiwa limelegea. Beba sweta hata kama Tanga mjini ulikuwa unajipepea. Njiani pitia shambani Irente ununue mkate na jibini yao.

Pale ukingoni hakuna ukuta wa kukuzuia kila mahali, na upepo huja ghafla. Binamu yangu aliporudi mwaka uliofuata, safari hii kwa siku tatu, alitaka picha amekaa miguu ikining'inia. Nikamwambia akae nyuma, nami nitampiga nikiwa nimelala kifudifudi, ionekane kama yuko ukingoni. Ameiweka kwenye wasifu wake mpaka leo, na shangazi bado hajanisamehe.