Mkojo ulibaki Pemba, jina langu likaishia kwenye shukrani

Juzi kaniandikia tabibu mmoja kijana aliyeko Wete, hapa Pemba. Wagonjwa wanamjia na homa, anawapima malaria, hamna. Anawapa panadoli, baada ya siku mbili wamerudi. "Dokta, nataka nifanye utafiti wa homa hizi, niwe kama wewe. Nianzie wapi?"

Hapo pa "niwe kama wewe" nimecheka peke yangu. Lau angelijua.

Lakini swali lake ni la maana. Zanzibar ilianza dawa mseto mwaka 2003, vikaja vyandarua na upuliziaji wa majumbani, na leo wenye vimelea vya malaria hawafiki asilimia 1. Ile homa tuliyozoea kuiita malaria bila ya kuuliza sasa inataka jina lake. Huenda ni dengi au chikungunya, homa za virusi vinavyoletwa na mbu, huenda ni mafua tu. Ukiwa zamu usiku na kipimo ulichonacho ni kimoja, zote zinafanana.

Mimi nilianza na kichocho, kwa sababu kichocho kilianza na mimi. Nikiwa darasa la tatu nilikojoa damu. Mama alisema ni jua. Kumbe ni ule mto tuliokuwa tukiogelea tukitoka chuoni: ndani ya konokono wadogo mle hutoka vimelea vinavyopenya ngozi, wala husikii kitu.

Niliporudi na udaktari wangu nikaomba nifanye kazi na kikundi cha watafiti wa kutoka nje. Siwataji. Wao walikuwa na fedha na hadubini. Mimi nilikuwa na sheha, mwalimu mkuu na kina mama. Siku ya kwanza tulingoja watoto 80 skuli, wakaja 19. Ulikuwa msimu wa karafuu, waliobaki wako juu ya mikarafuu. Basi nikawafuata mashamba kwa mashamba na mkoba wa chupa, tena mbio, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukichelewa unaweza kumwambia mtoto mgonjwa kuwa ni mzima.

Mzee mmoja aliyekuwa akianika karafuu akaniuliza, "Mwanangu, mkojo wa wajukuu zangu unaupeleka wapi, Ulaya?" Nikamuapia kuwa hautoki Pemba.

Na kweli haukutoka. Jioni nilikuwa nikivuta mililita 10 kwa bomba la sindano, nachuja, natafuta yai lenye mwiba wake mkiani, nahesabu mpaka macho yanalia. Kilichosafiri ni daftari langu la hesabu. Mwaka na ushei baadaye nikatumiwa makala iliyochapishwa. Waandishi tisa. Mimi nilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na dereva. Na dereva mwenyewe jina lake wamelikosea.

Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kuwa hatukuwahi kukubaliana. Na ni kweli, hatukuwahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kijana wangu, kabla ya chupa ya kwanza, kaeni muandikiane nani mwandishi, wa ngapi, na data inakaa wapi. Iandikwe, itiwe saini. Usione haya, wala usiseme "hawa ni watu wazuri". Wangu walikuwa wazuri pia, walinipa hata viatu vya mpira. Kibali cha maadili ya utafiti utakifuatilia, utazungushwa, utakipata, hilo halinitishi. Linalonitisha ni wewe kuona tabu kuuliza habari ya jina lako.

Chikungunya uitazame vizuri. Ilijulikana kwenye mlipuko wa 1952 huko kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni Kimakonde, habari ya mtu anayekunjika kwa maumivu ya viungo. Neno wametoa wagonjwa. Makala za 1955 zilizoueleza mlipuko ule ni za watafiti Robinson na Lumsden. Siwalaumu, waliifanya kazi. Lakini nyinyi vijana wa sasa mnakesha kwenye simu, mgonjwa anakueleza homa yake kwa maneno ambayo hayamo kitabuni, na wewe unaandika "homa" ukaita wa pili! Andika alivyosema. Tarehe, shehia, siku ngapi, viungo vinauma au vipele vimetoka. Daftari la shilingi elfu moja. Utafiti wa homa unaanzia hapo, mashine zinakuja baadaye. Na daftari liwe lako, ubaki na nakala. Nimeshasema? Nasema tena.

Mwezi uliopita makala yangu imekubaliwa, jina la mwanzo ni langu. Ilikataliwa mara mbili kabla, hayo tuyaache. Inahusu watoto waliomeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kisha wakarudi mtoni. Dawa ile huua minyoo mikubwa, michanga hunusurika, na mto upo pale pale. Niliichapa nikampelekea yule mzee wa karafuu. Hasomi Kiingereza. Akaigeuza geuza, akaniuliza majina ya wajukuu zake yako wapi. Nikamueleza kuwa majina ya wagonjwa ni siri. Akasema, "Haya," lakini naona hakuridhika.

Wewe wa Wete, Ijumaa baada ya sala nitakuwa Chake Chake. Njoo na hilo daftari, hata kama lina kurasa mbili.