Mshahara peke yake hauelezi ualimu kushuka heshima

Umeuliza kwa nini daktari bado yuko juu machoni pa watu na mwalimu ameshuka. Wengi hapa wamesema mshahara. Sikatai, lakini hata zamani mwalimu hakuwa tajiri. Kilichobadilika zaidi ni uhaba: zamani msomi alikuwa adimu. Miaka ya 60 kijijini mwalimu ndiye mwenye redio na baiskeli, na ndiye anayewasomea wazee barua za watoto wao walioko mjini. Nyerere aliacha kufundisha shule ya Pugu mwaka 1955, lakini jina la Mwalimu alikwenda nalo mpaka kaburini.

Likaja Azimio la Musoma 1974, uamuzi wa chama tawala TANU, na elimu ya msingi kwa wote (kwa Kiingereza kifupi, UPE). Walimu wakahitajika kwa maelfu, waliomaliza darasa la saba wakashikishwa chaki na kujifunza kazi hukohuko darasani. Ndio "walimu wa UPE" tunaowasikia mpaka leo kwa dharau, ingawa wengi wetu wazazi wetu walijulia kusoma kwao. Daktari hajawahi kuzalishwa kwa mtindo huo. Ila kikao cha harusi kikitafuta katibu, bado wanamgeukia mwalimu.