Wosia wa kiwanja kimoja na pikipiki

SWALI: Tuna kiwanja kimoja Kibaha chenye nyumba ya vyumba viwili isiyopigwa lipu, pikipiki, hisa za Saccos na akiba kidogo kwenye simu. Mume wangu anasema wosia ni mambo ya matajiri. Ana mtoto mmoja wa nje, mimi nimemzalia wawili. Tuna haja nao kweli?
Mama wa wawili, Kibaha

JIBU: Mnayo, dada, tena kwa sababu mali ni chache. Mwenye nyumba tano, moja ikigombewa familia inalala kwenye nyingine. Ninyi mkigombea hiyo moja, watoto watalala wapi?

Bila wosia, kwa kawaida kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi na mahakama ndiyo humteua. Kwenye Mahakama ya Mwanzo anapewa miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Hapo ndipo familia nyingi hukwama: hati ya mauziano iko wapi? Kadi ya pikipiki je? Kwa hiyo anzeni na orodha. Kiwanja kielezeni kwa mipaka yake, kinapakana na nani kila upande, tarehe ya kununua, na hati halisi inatunzwa na nani. Kama hati ina jina la mume peke yake, mchango wako uandikwe wazi. Saccos nendeni mkaangalie jina la mteule, yaani mtu aliyeandikwa apokee fedha mwanachama akifariki. Mara nyingi bado ni la mama mzazi, lililojazwa kabla ya ndoa.

Kila mmoja aandike wosia wake: jina kamili, tarehe, nani apate nini, nani awe msimamizi. Huyo mtoto wa nje atajwe kwa jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Mkifuata sheria za kimila, mashahidi wawe wanaojua kusoma na kuandika, wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mwenye wosia asiyejua kusoma anahitaji 4. Anayerithi asiwe shahidi. Kama ni Waislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi fungu lake bila ridhaa ya wenzake; orodha ya mali na madeni ni muhimu vilevile.

Wosia unaweza kutunzwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) au kwa wakili, na msimamizi ajue ulipo. Mkiuza pikipiki au mkipata mtoto mwingine, andikeni upya: kimila, wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo.