Maswali ya Wasomaji: Altrasaundi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu altrasaundi inayopigwa na daktari anayemhudumia mgonjwa, palepale alipolala, badala ya ile ya chumba cha picha. Nimechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mume wangu aligongwa na gari akiwa kwenye bodaboda, tukamkimbiza hospitali usiku. Daktari wa zamu alimpaka jeli tumboni, akapitisha kifaa kwa dakika chache, akasema haoni damu. Hatukupewa picha wala karatasi ya majibu. Asubuhi tukaandikiwa altrasaundi nyingine, tukailipia, na huko ikaonekana kwamba bandama limechanika kidogo. Je, kile kipimo cha kwanza kilikuwa cha kubahatisha? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba dada, na mpe pole mgonjwa. Vipimo vyote viwili hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, lakini kila kimoja kiliulizwa swali lake. Daktari wa zamu alitaka kujua jambo moja tu kwa haraka: je, kuna damu inayovujia ndani kwa wingi kiasi kwamba mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi? Ili kulijibu hilo huangaliwa sehemu nne, yaani kati ya ini na figo ya kulia, kuzunguka bandama, nyuma ya kibofu cha mkojo, na kuzunguka moyo. Mtu akiwa amelala chali, damu iliyomwagika tumboni hutiririkia kwenye nafasi za chini kabisa, na kwenye kioo cha mashine huonekana nyeusi kwa sababu kimiminika hakirudishi mwangwi. Utaratibu huu, ambao watu wa idara za dharura huuita FAST, ulienea katika miaka ya 1990, na aliyeuzoea huumaliza kwa dakika chache huku wenzake wakiendelea kutafuta mshipa wa kuweka dripu.

Upungufu wake unajulikana vilevile. Damu ikiwa chini ya mililita 200 hivi, mara nyingi haionekani. Utumbo uliotoboka hauonekani vizuri, na damu iliyojikusanya nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, hujificha. Bandama nalo linaweza kuchanika huku damu ikiwa bado imezuiwa na ganda lake. Kwa hiyo daktari aliyesema haoni damu usiku ule huenda alisema kweli kabisa kwa saa ile, na ndiyo sababu mgonjwa wa ajali hurudiwa kupimwa, hulazwa kwa uangalizi, na hupelekwa kwa mtaalamu wa radiolojia, ambaye hukagua kila kiungo na kuandika ripoti kamili.

Ninalolilalamikia mimi ni ile karatasi. Kipimo cha kando ya kitanda ni kipimo, na kinapaswa kuandikwa kwenye faili: saa, sehemu zilizoangaliwa, kilichoonekana na kisichoonekana. Daktari wa asubuhi angeisoma taarifa hiyo akajua aanzie wapi. Una haki ya kuuliza, kwa adabu tu, kama majibu ya usiku yameandikwa.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi mitano na nimeshapigwa altrasaundi mara tatu, moja yao na mkunga aliyetumia kifaa kilichounganishwa na simu. Mama mkwe anasema mionzi itamdhuru mtoto. *Mama mtarajiwa, Mombasa*

JIBU: Altrasaundi haina mionzi ya aina ya eksirei, kwa hiyo mtoe wasiwasi mama mkwe. Mawimbi yake hupasha mwili joto kidogo sana, na wahudumu hufundishwa kutumia nguvu ndogo kadiri inavyowezekana kwa muda mfupi kadiri inavyotosha. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, hasa kwa ajili ya kukadiria umri wa mimba. Kikifanyika katika miezi mitatu ya kwanza, makadirio hayo hukosea kwa siku tano hadi saba tu, ilhali katika miezi ya mwisho yanaweza kukosea hata kwa wiki tatu. Tarehe uliyopewa mapema, basi, isibadilishwe kwa sababu kipimo cha baadaye kimetaja nyingine.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Profesa wetu wa wodi hukasirika akimwona daktari tarajali akishika probu, yaani kile kifaa cha altrasaundi kinachopitishwa mwilini, kabla ya stetoskopu. Anasema tutakuwa mafundi wa kioo wasioweza kumpima mgonjwa kwa mikono yao. Madaktari vijana wa idara ya dharura wanatuambia kwamba huo ni ukale. Tumsikilize nani? *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Nimefundishwa na maprofesa wa aina hiyo, na hadi leo nawashukuru. Hata hivyo sidhani kama mkono na kioo vinagombania nafasi moja. Tuchukue mfano wa pafu. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba pafu halifai kwa altrasaundi, kwa kuwa hewa hurudisha karibu mawimbi yote, na kinachobaki kwenye kioo ni michirizi isiyo sura ya kiungo chochote. Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi nchini Ufaransa, aliichunguza michirizi yenyewe, na mwaka 2008 yeye na mwenzake wakachapisha utaratibu wa kutofautisha sababu za mtu kushindwa kupumua ghafla. Mistari ya kulala inayojirudia huonyesha hewa. Mistari mingi ya wima inayoshuka hadi chini ya kioo, ikionekana pande zote mbili za kifua, huashiria maji ndani ya pafu, mara nyingi kutokana na moyo uliochoka. Leo wodi nyingi hutegemea maarifa haya, hasa pale ambapo mashine ya eksirei iko jengo la pili na mgonjwa hawezi kusogezwa.

Sasa weka probu kati ya mbavu mbili. Utaona vivuli viwili vya mbavu na, chini kidogo ya usawa wa mifupa, mstari mweupe unaometameta kila mgonjwa anapovuta pumzi. Huko ndiko kuteleza kwa pafu dhidi ya ukuta wa kifua. Mstari ukitulia tuli, huenda hewa imeingia kati ya pafu na ukuta huo, na pengine mgonjwa anahitaji mrija wa kuitoa hewa hiyo haraka. Tuseme mgonjwa huyo ni mzee aliyeletwa akihema, na mstari wake umetulia. Mwanafunzi mwenye pupa ataagiza mrija. Lakini ukimwuliza mzee, au binti yake aliyekaa naye, utaambiwa kwamba aliwahi kumeza dawa za kifua kikuu miaka mingi iliyopita. Na pafu lililowahi kuugua hivyo linaweza kugandamana na ukuta wa kifua, likaacha kuteleza bila hewa yoyote kuingia. Mrija ukipitishwa hapo unaweza kulitoboa. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu ni cha kawaida, mtego huu uko karibu kuliko vitabu vya Ulaya vinavyoeleza, na hauepukiki bila historia ya mgonjwa na makovu unayoyaona kwa macho.

Kwa upande mwingine, katika wodi yenye kelele stetoskopu haitakuambia kuna maji kiasi gani kuzunguka pafu, na mshipa mkubwa wa shingoni hauonekani kwa kubahatisha kwa vidole. Uingereza ilipendekeza tangu mwaka 2002 kwamba mishipa hiyo ichomwe kwa kuongozwa na altrasaundi. Chuo Kikuu cha South Carolina nchini Marekani kiliingiza altrasaundi katika mtaala wa udaktari mwaka 2006, kuanzia mwaka wa kwanza, ambapo wanafunzi hujifunza anatomia kwa kupimana wao kwa wao. Hapa nyumbani, mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yalianza Muhimbili mwaka 2010, na wahitimu wake ndio hao vijana mnaowasikia.

Ushauri wangu kwako ni zoezi moja: mchunguze mgonjwa, kisha andika kwenye daftari unachotarajia kuona, ndipo uwashe mashine. Profesa wako akiliona daftari hilo likiwa na makosa yaliyosahihishwa, nadhani hasira zitapungua.

SWALI: Kituo chetu cha afya kiko mbali na hospitali ya wilaya, na barabara huharibika wakati wa masika. Tumepata fedha za kununua altrasaundi ndogo ya kuunganisha na simu. Muuzaji anatupa mafunzo ya siku mbili na cheti. Je, yanatosha? Tuanze na nini? *Ofisa tabibu, Kigoma*

JIBU: Siku mbili zinatosha kuijua mashine. Haziwezi kukufanya uyaamini macho yako, na nakiri kwamba sina subira na vyeti vinavyotolewa kabla mtu hajampima mgonjwa halisi chini ya uangalizi. Bei ya vifaa imeshuka mno: Butterfly iQ, inayotumia chipu ya silikoni badala ya fuwele za kawaida zinazotoa mawimbi ndani ya probu, iliingia sokoni mwaka 2018 kwa takriban dola 2,000, nayo mashine ya hospitali hugharimu mara nyingi ya hapo. Kilichobaki ghali ni mwalimu. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kinapendekeza vipimo 25 hadi 50 vilivyokaguliwa kwa kila aina ya uchunguzi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuteni mtu wa kukagua picha zenu, na mzungumze na mganga mkuu wa wilaya.

Anzeni na wajawazito. Mtoto yuko ndani ya mfuko wa uzazi? Moyo unapiga? Ni wangapi? Kichwa kiko wapi, na kondo la nyuma limekaa juu au limefunika mlango wa kizazi? Mkishazoea, ongezeni kutafuta damu tumboni. Mwanamke mwenye kipimo chanya cha ujauzito, maumivu ya tumbo, na weusi kati ya ini na figo, achukuliwe kuwa ana mimba iliyotunga nje ya kizazi na imepasuka hadi ithibitike vinginevyo. Gari liondoke huku mkiendelea kumpigia simu daktari wa upasuaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, ambako madaktari wa hapohapo walifundishwa kwa wiki kadhaa, ulionyesha kwamba altrasaundi ilibadilisha mpango wa matibabu kwa asilimia 43 ya wagonjwa waliopimwa, na matumizi makubwa yalikuwa ya uzazi.

Andikeni majibu kwa namna tatu tu: nimeona, sijaona, sikuweza kuona. Hili la tatu husahauliwa, nalo ndilo humwokoa mgonjwa mnene au mwenye tumbo lililojaa gesi asirudishwe nyumbani kimakosa. Kila mgonjwa mliyempa rufaa, ulizeni baadaye hospitalini walikuta nini, mkaandike kando ya picha yenu. Ulemavu wa mtoto na uvimbe msiouelewa waachieni wataalamu wa radiolojia.

Muulizeni muuzaji kama kifaa hufanya kazi bila intaneti, kama kuna ada ya kila mwaka, hudumu muda gani bila chaji, na kama hujizima kikipata joto. Futeni jeli kila baada ya mgonjwa, na msitumie spiriti kabla ya kusoma maelekezo, kwa maana baadhi ya probu huharibika. Ikiwa ni ya fuwele, isianguke: utepe mweusi wa wima usiosogea hata mkihamisha probu mahali pengine mwilini mara nyingi huwa dalili kwamba fuwele zimepasuka, na mashine hiyo ipelekwe kwa fundi kabla haijamgusa mgonjwa mwingine.