Wito wa misheni ukifika, anza kujifunza kuishi na mtu hujamchagua

Juzi kuna mama wa tawi letu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (watu wanatuita Wamormoni) kanipigia simu, kijana wake amepata wito wa misheni na anataka kujua abebe nini. Nikamwambia mashati meupe, tai, viatu pea 2 vya kutembea kwa sababu pea moja itaisha kabla ya mwaka, mwavuli atanunua hukohuko. Akashukuru sana. Nilipokata simu nikakaa nikajiona kama nimemdanganya yule mama, maana hayo yote hata akisahau atayapata, kuna jingine kabisa ambalo hakuna mtu aliniambia mimi na ndilo lilinitesa.

Mimi nilihudumu Ghana, Kumasi, kutoka 2017 mpaka 2019. Kwetu ni Chyulu, Makueni huku, ile ndege ya kwenda Accra ndiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwangu. Wengi wanafikiri kazi ngumu ya mmisionari ni kubisha hodi kwa watu wasiokujua. Ukweli ni kwamba hiyo unazoea ndani ya wiki 3. Kugumu ni kwa mwenzako, yule kompanioni, yaani mmisionari mnayepangiwa kuishi na kufanya kazi pamoja.

Wacha nieleze siku inavyokwenda ndio unielewe. Saa 12 na nusu asubuhi mko macho, mazoezi nusu saa, kuoga, kifungua kinywa, halafu kusoma, kwanza kila mtu peke yake kisha pamoja, na kufikia saa 4 mko barabarani. Mnatembea, mnafundisha, mnasaidia mtu kubeba mchanga wa kujengea, mnapanda trotro (ni matatu zao hizo, na kondakta wanamuita mate), mnarudi saa 3 usiku, mnapanga ya kesho, saa 4 na nusu taa zimezimwa. Jumatatu mnafua kwa mkono na kwenda sokoni. Na ndani ya hayo yote sheria ni kwamba mwenzako awe mahali unamwona na kumsikia, isipokuwa bafuni na chooni. Hujamchagua, hakukuchagua, na ni rais wa misheni, yule anayeongoza wamisionari wote wa eneo lenu, anayeamua mtakaa pamoja hadi lini. Mabadiliko yanakuja kila wiki 6 lakini unaweza kuambiwa mbaki tena wiki 6, na tena.

Wa kwangu wa pili alikuwa kijana wa Utah, miaka 19, mzuri wa moyo, lakini kwao vyombo vinaoshwa na mashine. Alikuwa anapika wali, anakula, anaacha sufuria kwenye sinki na ukoko ndani, siku 2, siku 3, mpaka sisimizi wanapanga mstari kutoka dirishani. Mara ya kwanza niliiosha mimi, ya pili pia. Ya tatu nikaamua siioshi na simsemeshi. Nyumbani tulilelewa hivyo, mtu akikuudhi unanyamaza mpaka ajue mwenyewe, lakini yeye wala hakujua, alidhani nimepata habari mbaya kutoka Kenya. Siku 4 tulitembea mtaa wa Bantama wote yeye mbele mimi nyuma.

Sasa kwa Waashanti, wenyeji wa Kumasi, ukifika kwa mtu unapewa kiti kwanza, unapewa maji, unakunywa, ndipo mwenye nyumba anakuuliza amanneɛ, yaani mmeleta habari gani, safari yenu inahusu nini. Ni desturi nzuri sana na utaizoea. Kulikuwa na mama mmoja tuliyekuwa tunamfundisha, muuza waakye (wali uliopikwa na kunde), akatupa maji, akauliza kama kawaida, mwenzangu akaanza kueleza somo la siku hiyo la maombi ya familia. Yule mama akamkata, akasema leo mlicholeta nimeshakiona kwenye sura zenu, huyu mmoja anaongea na huyu anaangalia mlango, nendeni mkasikizane kwanza halafu mrudi. Hakusema kwa ubaya. Tuliondoka na glasi zetu za maji bado zimejaa nusu, na mimi nilijua anazungumza na mimi.

Usifikiri tulipatana siku hiyo, bado nilikuwa na kiburi. Kilichonivunja ni malaria. Ilinipiga usiku, na usiku huohuo umeme ukapotea, wao wanaita dumsor, feni ikasimama, joto la Kumasi ukilijua unalijua. Yule kijana alikunja boksi la Indomie akawa ananipepea. Kila nikishtuka namkuta amekaa sakafuni na tochi ya simu, ananipepea, shati limemlowa mgongo wote. Asubuhi akampigia mke wa rais wa misheni tukaelekezwa kliniki, na siku 3 zilizofuata alikaa ndani na mimi maana hawezi kutoka peke yake, akinipikia noodles ambazo hazikuwa tamu na akiosha sufuria kila mara. Nilipomuuliza mbona sasa unaosha, akasema naogopa utanyamaza tena. Jamani. Nililia, na sioni aibu kuandika hapa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako mdogo wangu ni huu. Kila wiki, mkishapanga wiki yenu, kuna kile kikao cha wawili ambapo mnatakiwa kuulizana tunaishije, nini kinakukwaza, nifanye nini tofauti. Wengi wanakipita kwa dakika 2, "niko sawa, wewe uko sawa, tuombe." Usikipite. Kaeni chini, mwambie hii sufuria inaniumiza, mwambie kwa sauti ya kawaida kabla haijawa siku ya 4, halafu nyamaza umsikize na wewe, maana na wewe una sufuria yako ambayo huioni. Mimi yangu ilikuwa Kiswahili. Kwenye mikutano ya zoni, ambako wamisionari wa sehemu moja hukutana, tulikuwa Wakenya 2 na Mkongo mmoja wa Lubumbashi, tukikutana ni Kiswahili tu na vicheko, na mwenzangu amesimama hapo pembeni na tabasamu la mtu asiyejua anachekwa yeye au nani. Miezi 2 alikuwa ameliweka moyoni. Sikuwahi hata kufikiria. Tangu hapo nikawa namtafsiria, na baadaye yeye ndiye alikuwa anasalimia "mambo" kila Mkenya akitokea.

Kuna jambo lingine lazima uende umelijua, nalo ni swali la 1978. Utaulizwa, hasa ukiwa Mwafrika umevaa ile beji nyeusi ya mmisionari yenye jina lako na la kanisa. Mpaka Juni 1978 kanisa letu halikuwa linawapa wanaume weusi ukuhani, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, hawakupata ibada zote za hekaluni. Ndivyo ilivyokuwa, usilizunguke wala usiseme hujui. Mara ya kwanza niliulizwa na mwalimu wa shule, nikababaika, mwenzangu akajaribu kunijibia na ikawa mbaya zaidi, fikiria mzungu anamweleza mzee wa Kiashanti jambo hilo mbele yangu mimi Mkamba niliyekaa kimya. Nilichofanya baadaye ni kwenda kwa wazee wa tawi, wakanieleza vile Ghana kulikuwa na watu wanakusanyika na Kitabu cha Mormoni wenyewe tangu miaka ya 60, bila mmisionari hata mmoja, mpaka wale wa kwanza walipofika mwishoni mwa 1978. Na vile Juni 1989 serikali ilisimamisha kanisa, makanisa yakafungwa, wamisionari wa nje wakaondoka, na mpaka Novemba 1990 watu walikuwa wanapokea sakramenti sebuleni kwao. Mama mmoja alinionyesha kiti alichokuwa anakaa mumewe akibariki mkate. Baada ya hapo nilikuwa na kitu cha kumwambia yule mwalimu, nilimwambia iliniuma na bado inaniuma, na nikamwambia kwa nini hata hivyo niko hapa. Usiku huo mwenzangu akaniambia kwao hakuna aliyewahi kumuuliza, tukaongea mpaka muda wa taa ukapita.

Vitu vidogovidogo haraka. Mkono wa kushoto usitoe wala usipokee nao kitu, hata nauli. Fufu haitafunwi, inamezwa na supu, ukitafuna kama ugali watakuangalia kwa huruma. Banku ndiyo jirani ya ugali lakini ina uchachu, ipe wiki. Wakikwambia karibu tea uliza kwanza ni nini, maana sisi kanisani hatunywi majani ya chai, lakini mara nyingi ni Milo, kwa hiyo unakunywa bila shida. Jua ulizaliwa siku gani ya wiki maana watakuuliza, mimi ni wa Jumatano nikaitwa Kwaku mpaka leo kuna watu Kumasi hawajui jina langu lingine. Na jifunze lugha ya watu hata kama Kiingereza kinatosha, ile maakye ya asubuhi inafungua mlango ambao vijitabu haviufungui.

Kuhusu simu, sisi tulianza na imeili kila wiki na simu 2 tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 ndio tukaruhusiwa kupiga kila wiki. Wazazi, hiyo simu ni baraka lakini muulize anaendeleaje na mwenzake, usimuulize amebatiza wangapi. Hilo swali la wangapi linaua watoto wetu kimyakimya. Na kijana akirudi kabla ya miaka 2, au msichana kabla ya miezi 18, kwa ugonjwa, kwa wasiwasi, kwa chochote, mpokeeni uwanja wa ndege vilevile mngempokea. Nimeona mmoja alirudi akiwa mwezi wa 5 wa misheni yake na hadi leo watu wa kanisani wanamwangalia kama mtu aliyeiba. Alienda. Alijitoa. Mwacheni apone.

Na siku ya kurudi nayo ina mambo yake. Wiki ya kwanza nyumbani mama alinituma dukani sukari, nikavaa viatu, nikafika getini nikasimama. Nilisimama pale dakika nyingi tu, mama akatoka akauliza unangoja nini, na mimi nikagundua nilikuwa namngoja yule kijana wa Utah amalize kufunga kamba za viatu.