Muulize Mzee wa Kibirizi: Mawimbi ya Kuwashwa kwa Swichi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Cheyo, Tabora. Kaka yangu alinionyesha kwenye simu watu wakiteleza na ubao juu ya wimbi. Nikadhani ni baharini, kumbe ni bwawa la kuchimbwa, na ng'ambo yake ni mashamba matupu. Kaka anasema mabwawa hayo yataua mchezo wa baharini, kwani nani atakaa kusubiri wimbi ikiwa linatengenezwa? Mimi nimefurahi, maana yakienea hata sisi tusio na bahari tutacheza. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa Cheyo)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nimeendesha boti ya mbao hapa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa miaka 26 na sijasimama juu ya ubao hata siku moja. Mawimbi ndiyo ninayoyajua. Mengine nimeyafuatilia kwenye simu ya mwanangu, na bando lake nimelimaliza.

Kwa unavyoeleza, nahisi mlitazama bwawa la Lemoore, California, kama kilomita 160 kutoka baharini. Lilitangazwa Desemba 2015 na Kelly Slater, bingwa wa dunia wa mchezo huu mara 11. Wewe wa Tabora, mji wa reli, utalielewa haraka: kando ya bwawa kuna chombo kama behewa kinachovutwa kwa kebo, nacho kimebeba bawa kubwa linalopita ndani ya maji. Bawa likipita maji yanainuka, sakafu iliyochongwa maalumu inayapindisha, wimbi linatokea. Kwingine, kama Bristol, Uingereza, ni makasia ya mashine yanayosukuma maji moja baada ya jingine.

Mwambie kaka kwamba kilio chake ni cha zamani. Mwaka 1985 wachezaji wa kulipwa walishindana bwawani Allentown, Pennsylvania, akashinda Tom Carroll wa Australia. Bahari haikufungwa. Japani nao walifungua bwawa kubwa lenye paa Miyazaki mwaka 1993, na mwaka 2007 likafungwa lenyewe.

Hata hivyo hajakosea kila kitu. Baharini mchezaji anaweza kukaa asubuhi nzima apate mawimbi matatu, na hakuna lililofanana na jingine. Bwawani anarudia kosa lilelile kwenye wimbi lilelile mpaka mguu ukubali. Anayetaka kuruka hewani na ubao atajifunza huko upesi mno. Na bwawa lina kiingilio, basi watakaoruka vizuri zaidi watakuwa watoto wa wenye fedha. Hilo ndilo linalonikera kuliko habari ya bahari kufa.

Ila kuna kitu bwawa halifundishi. Mwaka wangu wa pili kwenye boti, mwezi wa nane, kusi imepamba moto, nilikuwa naleta madumu ya mawese kutoka vijiji vya kusini. Mjomba alikuwa amenifundisha: usikimbilie pwani, kaa nje uyatazame mawimbi migongo, yanakuja kwa mafungu, fungu likiisha ndipo uingie. Mimi nikaona abiria wananung'unika, nikaingia. Wimbi likatushika ubavuni. Watu wote walitoka salama, Mungu ni mwema, lakini madumu 11 yalielea kama bata mpaka jioni, na mjomba hakunisemesha siku nne. Mtu wa bwawani hahitaji mjomba wa namna hiyo. Anaambiwa wimbi litakuja wapi na litakunja wapi. Mwili wake unasoma, jicho halisomi. Nusu ya mchezo huu, naamini mimi, ni jicho.

Wapo pia waliosema bwawa litaleta haki kwenye mashindano, kwani kila mmoja anapewa wimbi sawa na la mwenzake. Mwaka 2023, palepale Lemoore, Wabrazili walilalamikia alama za waamuzi vikali tu, Italo Ferreira akiwa mmoja wao. Wimbi ni moja, lakini binadamu ndiye anayetoa alama. Na nikuambie ukweli, nilipotazama mashindano hayo, kufika wimbi la sita nilisinzia.

Olimpiki bado imebaki baharini. Mchezo ulipoingia kwa mara ya kwanza, mwaka 2021, walicheza ufukwe wa Tsurigasaki, Japani, huku kimbunga kikiwa jirani kinachafua maji. Ferreira alivunja ubao fainali, akachukua mwingine, akashinda dhahabu. Ya 2024 ilipelekwa Teahupo'o, Tahiti, ambako wimbi linavunjikia juu ya matumbawe makali.

Kuhusu Tabora, mjukuu, furaha yako naipenda, ila bwawa la namna hiyo linakunywa maji na umeme usiku na mchana. Nyinyi maji ya Ziwa Victoria yamewafikia juzi tu. Sisi Kigoma tuliishi na majenereta miaka mingi, na shabiki wa mpira anajua uchungu wa umeme kukatika dakika ya 80. Sasa fikiria ukatike wewe uko katikati ya wimbi.

SWALI: Mzee, Kigoma tunalo ziwa. Kwa nini tusianze wenyewe wakati wa kusi? (Fundi baiskeli, Mwanga)

JIBU: Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, upepo una pa kukimbilia. Tatizo ni umri wa wimbi. Mawimbi mazuri ya kuteleza huzaliwa na dhoruba za mbali baharini, husafiri maelfu ya kilomita, marefu yakiyatangulia mafupi, hata yakifika ufukweni yameshajipanga na kuachiana nafasi. Ya kwetu yanazaliwa karibu na yanatufikia yangali yanagombana.

Lakini watoto wa hapa wanateleza kwa vipande vya mitumbwi iliyopasuka, tena kwa tumbo. Yule Ferreira naye, baba yake alikuwa muuza samaki, na ubao wake wa kwanza ulikuwa mfuniko wa boksi la samaki. Maboksi hayo Kibirizi yamejaa. Njoo Jumamosi saa kumi, upepo ukipoa. Kama hujui kuogelea, njoo saa tisa tuanzie hapo.